Chama cha Wafanyakazi ni Sauti ya Nani?

Tarehe 1 Mei 2021 sikukuu ya wafanyakazi wa nchi nzima iliadhimishwa hapa kwetu Mwanza, katika Uwanja wa CCM Kirumba. Mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan, na hiyo ndiyo Mei Mosi yake ya kwanza tangu ashike kiti mwezi Machi mwaka ule. Wafanyakazi walipita mbele ya jukwaa kundi baada ya kundi, kwa fulana na kofia za vyama vyao, wameinua mabango. Waliambiwa kwamba mshahara hautapanda mwaka ule, lakini kodi ya mshahara kwa ngazi ya chini itashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Wakapiga makofi, wakarudi makwao.

Kutoka uwanja ule mpaka soko la samaki la Mwaloni si mwendo mrefu. Yote ni Kirumba. Huko Mwaloni wachukuzi hushusha magunia ya dagaa kutoka mitumbwini, wakayapanda mabegani mpaka kwenye malori. Akina mama huchambua, huanika na kufungasha. Hao nao ni wafanyakazi, tena wa jasho jingi. Walakini sikukuu ya wafanyakazi haiwapumzishi, kwa sababu asiyebeba gunia leo, leo hali. Siku moja tulimwuliza mchukuzi mmoja pale, Mei Mosi ni sikukuu ya nani? Hakufikiri mara mbili. Alisema: "Ni ya wenye fulana."

Ndugu wasomaji, neno lile limetukaa moyoni. Mchukuzi yule hakuwa na chuki na mtu yeyote. Alisema tu alichokiona. Katika macho yake chama cha wafanyakazi ni kikundi cha watu wenye mishahara, wanaokutana mara moja kwa mwaka kudai waongezewe. Nasi twajiuliza: jina hili limetoka wapi? Maana halikuwa jina la vyama hivi tangu mwanzo. Kulikuwa na zamani ambapo chama cha wafanyakazi kikisema, mkulima wa pamba kule Kwimba alisikia kama amesemewa yeye.

Sisi twaamini kwamba chama cha wafanyakazi hupata jina lake kwa wananchi kutokana na mambo kinayoyatetea mbele ya Serikali na matajiri. Kikitetea jambo la wengi, wengi hukiita chao. Kikitetea bahasha ya mshahara peke yake, watu hukiita cha wenye bahasha. Na kikiwa hakitetei lolote ila kuitikia, watu hukiita kibaraka, hata kama viongozi wake ni watu wema. Tena twaamini, na hili ni gumu kulisema katika gazeti la Chama, kwamba sisi wenyewe tumeshiriki kuliharibu jina lile.

JINA LILIVYOPATIKANA

Vijana wengi wa leo hawajui jinsi mambo yalivyokuwa, basi yafaa tukumbushane. Mwaka 1953 Serikali ya mkoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kazi ya kufundisha Pugu mwezi Machi 1955 ili aendelee na kazi ya TANU. Hapa kwetu, katika lililoitwa Jimbo la Ziwa, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU, mkoloni alizuia matawi yake yasifanye kazi, na zuio hilo lilidumu mpaka mwaka 1958. Kwa miaka minne mwananchi wa Usukuma hakuwa na ruhusa ya kukaa chini ya bendera ya chama chake cha siasa.

Je, watu walinyamaza? La! Walikutana katika ushirika. Chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani wakulima wa pamba walijenga vyama vyao, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho lao la Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Na walikutana kazini. Mwanza ni mwisho wa reli tangu mwaka 1928, tena ni bandari ya ziwa. Palipo na reli, bandari na jineri za pamba, hapo pana watu wanaopokea mshahara, wanaosoma gazeti na kulisomea wenzao.

Mwezi Oktoba 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa kijana Rashidi Kawawa. Shirikisho hilo halikuwa TANU, wala halikutaka kuitwa TANU. Lakini lilidai mambo ambayo kila Mwafrika aliyajua kuwa ni yake: kwamba kazi ya Mwafrika ilipwe kama kazi, kwamba asitukanwe mahali pa kazi, kwamba vyeo visiwe vya rangi. Mkulima hakuwa na mshahara, lakini alikuwa na rangi ile ile na alitukanwa na watu wale wale. Kwa hiyo dai la kuli wa bandarini likawa dai lake.

Ndiyo maana mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, watu wasiokuwa na kazi kiwandani walisusia bia. Hawakuambiwa na polisi wala na sheria. Walisusia kwa sababu waliona mgomo ule ni wao. Na mwaka 1960 watu wa reli, chini ya Ndugu Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku 82 bila mshahara! Mtu wa mjini asiyelima hawezi kufika siku 82 kama nyuma yake hakuna ndugu mwenye gunia la mahindi au mihogo. Hebu fikirini, wasomaji: nguvu ya mgomo ule haikuwa katika katiba ya chama tu, ilikuwa katika ghala la mkulima.

Hilo ndilo jina tunalolisema. Lilipatikana kwa sababu watu wasiokuwa wanachama walijisikia wamo.

MKUKI KWA NGURUWE

Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961 swali likabadilika. Tajiri mkubwa wa nchi hakuwa tena mkoloni, alikuwa Serikali yetu. Na hapa Kanda ya Ziwa jineri zilikuwa zikiingia mikononi mwa ushirika, maana yake tajiri wa mfanyakazi wa jineri akawa mkulima mwenyewe. Mshahara ukiongezwa, unatoka katika fungu lile lile linalolipa bei ya pamba. Watu wawili waliokuwa wakisimama pamoja kumtazama mkoloni, sasa waligeuka wakatazamana.

Hapo ndipo jina lilipoanza kuharibika, na lilivutwa na pande mbili. Upande mmoja, baadhi ya viongozi wa wafanyakazi waliendelea kusema kana kwamba nchi nzima ni ya wenye mishahara. Waliopokea mshahara wakati ule walikuwa kiasi cha laki nne katika nchi ya watu zaidi ya milioni tisa. Walidai vyeo vigeuzwe upesi kuwa vya Waafrika, na vyama vyao visiingiliwe na Serikali, na katika hayo walikuwa na hoja. Lakini mkulima wa Geita hakusikia ndani ya madai yale neno moja juu ya barabara yake, juu ya mbegu au juu ya mizani inayomwibia. Akauliza, mbona hawa hawanitaji tena?

Upande wa pili tulikuwa sisi. Tulilisikia swali la mkulima tukalitumia. Tukaanza kusema kwamba wafanyakazi wa mjini ni wachache wanaokula jasho la wengi. Lilikuwamo jambo la kweli ndani yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuja kuonya wazi kwamba watu wa mjini waweza kugeuka kuwa wanyonyaji wa wakulima. Lakini ukweli ule ulitumika pia kama kizibo cha mdomo. Mwaka 1962 zilipitishwa sheria za kufunga njia ya mgomo na kuvibana vyama, na Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Ndugu Kawawa, yule yule katibu mkuu wa kwanza wa TFL. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mgomo ulikuwa mtamu ulipomchoma mkoloni.

Mwezi Januari 1964 askari wakaasi. Katika machafuko yale viongozi wa vyama vya wafanyakazi wapatao 200 walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwezi uliofuata TFL ikavunjwa na ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, ambacho katibu mkuu wake huteuliwa na Rais. Katibu mkuu wa kwanza alikuwa Ndugu Michael Kamaliza, naye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Hatuna sababu ya kumlaumu mtu mmoja. Twauliza jambo la akili ya kawaida tu: mtu mmoja akiwa ndiye waziri na ndiye mdai, siku akidai, anamdai nani?

SAUTI YAGEUKA NGOMA

Hatutaki kudanganyana. Kipindi kile wafanyakazi walipata mambo ya maana. Mwaka 1964 ilipitishwa sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, na mfuko wa akiba ya wafanyakazi ukaanzishwa. Kijana anayedhani kwamba chini ya NUTA hakuna kilichofanyika hajasoma. Lakini mambo yale yalipokuja, yalikuja kama zawadi ya Serikali, hayakuja kama ushindi wa chama. Mtu hupenda anayempa. Basi sifa ilikwenda kwa Serikali, na chama kikabaki na kazi ya kushukuru.

Waulizeni wazee wa Mwanza, jina la NUTA linawakumbusha nini? Wengi watawajibu: dansi. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na mpaka leo watu wanaijua kwa jina la Msondo. Ilikuwa bendi nzuri, wala hatusemi muziki ni dhambi. Lakini chama kikijulikana nchi nzima kwa gitaa lake kuliko kwa hoja yake, hapo mtu mwenye akili hana budi kusimama na kufikiri. Chama kilibadili jina mara baada ya mara: NUTA ikawa JUWATA baada ya Chama chetu kuzaliwa mwaka 1977, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, kisha vyama vikaachana na siasa na likaja shirikisho la TUCTA mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bendi ilihama na majina hayo yote. Hoja je, ilihama pamoja nayo?

KURA ZA MWANZA

Sasa tufike karibu na nyumbani, tena kwenye kidonda chetu wenyewe. Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha mshahara wa shilingi 315,000 na ikatangaza mgomo wa nchi nzima mwanzoni mwa Mei. Tarehe 3 Mei Rais Jakaya Kikwete aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam. Alisema Serikali haiwezi kulipa kiasi hicho, na kwamba kama kura za wafanyakazi zinategemea hilo, yu tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Mezani tulishinda.

Mwezi Oktoba mwaka ule nchi ilipiga kura. Chama chetu, kilichopata zaidi ya asilimia 80 ya kura za Rais mwaka 2005, kilipata zaidi kidogo ya asilimia 60. Na hapa katika jiji la Mwanza tulipoteza Nyamagana, tukapoteza na Ilemela. Hatusemi kwamba kura zile zilikwenda kwa sababu ya hotuba moja. Zilikuwako sababu nyingi, na mwenye kusema ni moja anajidanganya. Lakini sisi tunaopita nyumba kwa nyumba twajua neno lile liliishi muda gani. Mpaka leo, ukikaa na mwalimu mtu mzima au mwuguzi, atakukumbusha: "Si mlisema hamhitaji kura zetu?" Tajiri anaweza kumwambia kibarua wake asirudi kesho. Chama cha siasa hakina uwezo huo kwa wananchi.

Lakini tutazame na upande wa pili kwa haki. Mwishoni mwa Julai 2012 walimu waligoma. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamua kwamba mgomo haukuwa halali. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunajua mwalimu anadai nini hasa: nyumba, madawati, darasa ambalo mtoto wa mwisho anausikia ubao, uhamisho usiokuwa wa adhabu. Lakini madai yaliyofika masikioni mwa mzazi wa Magu na Sengerema yalikuwa asilimia: asilimia 100 ya mshahara, asilimia hii ya posho kwa sayansi, asilimia ile kwa sanaa. Mzazi aliyekuwa na mtoto anayekaa sakafuni akasikia hesabu ya fedha za watu wengine. Akaondoka upande wa mwalimu, ijapokuwa mwalimu na mtoto wake walikuwa wanaumizwa na umaskini ule ule wa shule.

Ng'ambo ya ziwa, ndugu zetu wa Kenya waliona jambo hilo hilo. Madaktari wao waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017, wakishikilia makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2013. Ndani ya makubaliano yale, mbali na mshahara, yalikuwamo mambo ya kuongeza madaktari na vifaa vya hospitali. Viongozi wao walipofungwa na mahakama, huruma ya wananchi iliongezeka. Lakini kila mara hadithi iliporudi kuwa hadithi ya mshahara tu, na wagonjwa wanalala nje, huruma ile ilipungua. Dai ni lile lile. Kinachotangulizwa mbele ndicho kinachomfanya mwananchi asimame huku au kule.

Na kikokotoo je? Mwaka 2018 mifuko ya pensheni iliunganishwa, na mkupuo wa mstaafu ukashushwa kuwa asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa mpaka tarehe 28 Desemba 2018, Rais Magufuli alipokutana na viongozi wa wafanyakazi akaagiza utaratibu wa zamani urudi kwa muda. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na mwaka 2024 ikaongezwa tena. Tuwe wakweli: wafanyakazi wengi hawakumbuki katika jambo lile kwamba chama chao ndicho kilichosema. Wanakumbuka kwamba walilia wao wenyewe, na Rais akawasikia. Shukrani ilikwenda Ikulu. Chama kilichokaa mezani kilionekana kama mtu aliyekuwako kwenye harusi, ila si bwana wala bibi.

WASIOKUWA NA FULANA

Turudi sasa kwa mchukuzi wa Mwaloni, kwani yeye ndiye kipimo chetu.

Kanda ya Ziwa wanaoishi kwa jasho bila barua ya ajira ni wengi. Yuko kibarua wa kiwanda cha samaki, anayesimama getini alfajiri hajui kama leo ataingia. Yuko kijana wa mtumbwi, anayelala ziwani na taa za dagaa, na malipo yake ni mgao baada ya tajiri kutoa mafuta na gharama zake. Yuko mama anayenunua mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya mnofu kwenda ng'ambo. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto. Sheria ya kulinda samaki ni nzuri, nasi twaiunga mkono, maana ziwa likifa tumekufa. Lakini wavu ukichomwa, tajiri hupoteza mali, na kijana wa mtumbwi hupoteza chakula cha siku ile. Ni nani aliyesimama kusema, lindeni samaki, lakini na huyu mpangieni njia? Sisi katika pita yetu hatukumsikia.

Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Wanunuzi wakasita, na mkulima akakaa na pamba yake ndani. Pamba isiponunuliwa, jineri haizunguki. Jineri isipozunguka, kibarua wa jineri hana kazi. Mkulima na kibarua walikuwa na shida moja. Lingekuwa jambo la ajabu kiasi gani kama chama cha wafanyakazi kingesimama siku ile kumtetea mkulima! Na mkulima angekisahau lini?

Hata ndani ya ziwa lenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mtu wa kwanza kujua kwamba chombo kimejaa kupita kiasi ni mfanyakazi wa chombo chenyewe. Mfanyakazi huyo akikataa kufungua kamba peke yake, atafukuzwa. Akikataa akiwa na chama nyuma yake, ameokoa watoto wa watu. Chama kitakachosimama gatini na kusema, "Chombo hiki hakiondoki, kimezidisha," hakitahitaji kununua fulana ili kijulikane. Akina mama wa Ukerewe watakitaja katika sala.

Wapo watakaosema sheria hairuhusu. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wafanyakazi 20 tu wanatosha kuunda chama. Inaruhusu mgomo kwa utaratibu wake, baada ya usuluhishi na kura. Tena inatambua kwamba vyama vyaweza, kwa kufuata hatua zilizowekwa, kuonyesha upinzani wao juu ya mambo ya uchumi na jamii yanayowagusa wafanyakazi. Sheria yenyewe imekubali kwamba chama cha wafanyakazi kina mengine ya kusema kuliko mshahara. Mlango uko wazi, ila miguu imekuwa mizito.

YATUPASAYO

Basi tuseme nini? Kwa ndugu zetu viongozi wa vyama vya wafanyakazi tuna maneno matatu.

Kwanza, kila mnapopeleka dai la mshahara, lipelekeni pamoja na dai la yule asiyekuwa na mshahara. Mwalimu adai posho yake, na dawati la mtoto liandikwe juu yake. Mwuguzi adai saa za ziada, na dawa za mgonjwa zitangulie. Msilifanye hili kwa hila, kwa maana mwananchi hujua hila. Lifanyeni kwa sababu ni kweli.

Pili, toeni hesabu. Tulikuwa katika chumba cha walimu wa shule moja hapa mjini, mwalimu mmoja akatoa hati yake ya mshahara, akatuonyesha makato ya chama ambacho hatutakitaja. Akasema: "Miaka tisa ninakatwa. Nina fulana tisa." Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Ada ya mwanachama ni jasho, na jasho lataka maelezo. Chama kisichotoa hesabu kwa wanachama wake kitaidaije Serikali hesabu?

Tatu, chagueni kiti kimoja. Kiongozi wa wafanyakazi mwenye jicho moja kwenye meza ya mazungumzo na jicho jingine kwenye ukuu wa wilaya, hawezi kuona sawasawa. Watu wanamwona, hata kama anadhani hawamwoni.

Na kwetu sisi wa Chama, maneno ni mawili, tena ni mazito zaidi.

La kwanza, tuache kumwita adui kila asemaye. Tuliurithi uhuru huu kutoka mikononi mwa watu waliogoma. Tukiwafundisha vijana historia ya mgomo wa reli wa mwaka 1960 kwa fahari, na siku hiyo hiyo tukamtishia mwalimu anayehoji, vijana watatuona waongo katika yote mawili. Chama cha wafanyakazi kilichofungwa mdomo hakitufai kitu. Kinatuficha habari za maumivu ya watu, na maumivu yaliyofichwa hutokea kwenye sanduku la kura, kama yalivyotutokea Nyamagana na Ilemela.

La pili, Mei Mosi tuwaachie wenyewe. Twende kama wageni, tukae, tusikilize. Risala isomwe yote, wala isipitishwe kwanza ofisini kwetu ili ikatwe ncha. Waseme na yale yanayotuuma. Mwaka 2025, kule Singida, kima cha chini cha mshahara Serikalini kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na wafanyakazi walifurahi kwa haki. Lakini furaha ya kuongezewa hupita baada ya miezi michache, bei zikipanda. Heshima ya kusikilizwa hudumu.

Twajua wapo ndugu zetu ndani ya Chama ambao maneno haya hayatawapendeza. Watauliza, je, wafanyakazi wakiachiwa wakasema watakavyo, wasije wakasema na wapinzani? Twawajibu kwa swali: zamani, TANU ilipofungiwa hapa Ziwa, nani aliitunza? Haikutunzwa na polisi, wala na mkuu wa wilaya wa mkoloni. Ilitunzwa na watu waliokuwa na vyama vyao wenyewe, vya pamba na vya kazi, vyenye uwezo wa kusema hapana. Watu wa namna hiyo walipokuja kusema ndiyo, ile ndiyo yao ilikuwa na uzito. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina kilo hata moja.

Kwa hiyo kipimo chetu kiwe kile kile cha Kirumba. Siku mchukuzi wa Mwaloni atakapoulizwa, Mei Mosi ni sikukuu ya nani, naye akajibu bila kufikiri mara mbili, "Ni yetu," siku hiyo tutajua kwamba vyama vya wafanyakazi vimepata tena jina lao. Kazi ya kulirudisha ni yao kwanza. Yetu ni kutowazuia, na pale tulipowazuia, kukiri.

Uhuru na Kazi.